Kuku Sita Nyuma ya Nyumba: Huria, Uwanja wa Wavu, Banda la Kuhamishwa au Ndani Kabisa?

Mtu akiniuliza kuku wachache wa nyumbani wanahitaji mita ngapi za mraba, nami humuuliza: jua linapozama, nani yuko nyumbani? Simkwepi. Eneo linalowatosha kuku wanaozurura mchana kutwa huwa jela kwa kuku wale wale wakifungiwa wiki mbili, na siku ya kufungiwa huja. Itakuja na mvua isiyokatika, na mbwa wa jirani aliyejifunza njia, na safari ya ghafla, au na ugonjwa. Mwishoni mwa 2021 Uingereza iliamuru kila mwenye kuku, hata wawili tu wa nyuma ya nyumba, awafungie kwa sababu ya mafua ya ndege. Amri hiyo iliondolewa Mei 2022. Aliyejenga kibanda cha kulala tu, akitegemea kuku kushinda nje, alikuwa na miezi mitano migumu.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia nne hapa chini, ninapima kwa siku mbaya. Siku nzuri haimshindi mtu yeyote.

Ili tusichanganye mambo, tuchukue kundi moja: majike sita ya mayai, bila jogoo. Kila njia nitaipima kwa mambo manne: nafasi, adui, ardhi na magonjwa, kisha kazi ya kila siku. Halafu nitasema inamfaa nani.

Yasiyobadilika, uchague njia yoyote

Kuku tunayemfuga ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ndege anayechakura chini mchana na kupanda mtini usiku. Kufugwa kwa maelfu ya miaka hakukumwondolea tabia hiyo. Bado anataka udongo wa kuchakura, vumbi la kuoga, kona yenye giza ya kutagia na mahali pa juu pa kulala. Vinne hivi ndivyo ninavyomaanisha ninaposema nafasi.

Banda la usiku la kuku sita wanaoshinda nje lisiwe chini ya mita za mraba 2.4, yaani takriban 0.4 kwa kila kuku. Banda la mita 1.5 kwa 1.6 linatosha, na ukuta wa mita 1.5 unapokea ufito mmoja wa kulalia wenye sentimita 25 kwa kila kuku. Ufito uwe juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na mayai yatachafuka. Viota viwili vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha sita, na wakiamua kupanga foleni kwenye kimoja, waache.

Matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala, ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, na hatoki jasho. Joto likizidi, hujipoza kwa kutweta. Banda dogo lililozibwa likipigwa na jua linaua, na linaua mchana ambapo hakuna anayetazamia kifo. Kipimo changu cha hewa ni rahisi: chuchumaa hadi kichwa chako kifike usawa wa kuku. Macho yakiwasha, yao yamewasha usiku kucha.

Sasa wavu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo kuku wengi hufia. Matetea wangu watatu wa kwanza waliuawa usiku mmoja ndani ya banda lililofungwa kufuli. Nilitumia ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita unaoitwa wavu wa kuku. Asubuhi niliukuta umefumuka kwenye kona kama sweta kuukuu. Tangu siku hiyo nimejua kwamba wavu wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii adui kuingia. Kwa usiku unahitaji wavu mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu ya takriban milimita 13, uliobanwa kwa skrubu na washa (vile vyuma bapa vyenye tundu katikati), si kwa misumari midogo ya kupinda. Matundu hayo yanawazuia kicheche na nguchiro, nyoka wengi na panya wakubwa. Pia yanazuia mkono wa mnyama usipenye na kumvuta kuku aliyelala karibu na ukuta.

Kuna na chini. Mnyama mchimbaji huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Zamisha wavu sentimita 30, au ulaze juu ya ardhi kuelekea nje kwa nusu mita na kuufunika kwa udongo au mawe. Akichimba anakutana na waya chini ya kucha, na kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma nusu mita akaanze upya. Mlango uwe na komeo mbili, maana komeo inayofunguka kwa kusukumwa tu hufunguka siku moja.

Njia ya kwanza: huria

Kuku wanafunguliwa asubuhi, wanazunguka uani, jioni wanarudi wenyewe.

*Nafasi.* Kwa mayai yanayouzwa kama ya kuku huria, Umoja wa Ulaya unadai mita za mraba 4 za nje kwa kila kuku. Kwa sita wetu ni 24. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya mashamba ya biashara, na kwenye ua wa nyumbani nakiona kidogo, kwa sababu kuku hawaitumii ardhi kwa usawa. Watachakura mita chache za karibu na mlango hadi zibaki tupu, kisha watahamia kwenye miche yako ya mboga. Ukiweza kuwapa mita 10 kila mmoja, nyasi zina nafasi ya kupumua. Ukuta au uzio uwe kama mita 1.8 kwenda juu, na kwa kuku wepesi wanaoruka, punguza manyoya marefu ya bawa moja tu ili wakose mizani.

*Adui.* Hapa ndipo njia hii inapodai bei yake. Mwewe na mbwa hufanya kazi mchana, na wavu wako wa usiku haumsaidii kuku aliye katikati ya ua. Vichaka, meza kuukuu, kitu chochote cha kukimbilia chini yake, huokoa maisha. Ua ulio wazi kama uwanja wa mpira ni hatari kuliko ua wenye magugu.

*Ardhi na magonjwa.* Kinyesi husambaa, hivyo minyoo na vijidudu vya kuhara damu havirundikani mahali pamoja. Lakini kuku huria hukutana na ndege wa porini na kuku wa watu, na mdondo (kideri), ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi, huingia kwa njia hiyo. Bila chanjo ya mdondo sishauri mtu awaachie kuku. Tazama pia udongo kando ya nyumba za zamani: rangi kuukuu iliyobanduka huweza kuwa na madini ya risasi, kuku huyala pamoja na udongo, nayo huishia ndani ya yai.

*Kazi.* Kusafisha ni kidogo. Kufungua alfajiri na kufunga magharibi ni kila siku, bila likizo. Utatafuta mayai pia, kwa sababu kuku huria hutaga anapopenda. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: wapya wafungie bandani wiki moja hivi kabla ya kuwaachia, wajue kwao ni wapi.

*Inamfaa* mwenye ua mpana uliozungushiwa, asiye na bustani anayoipenda kupita kiasi, na ambaye mtu fulani yupo nyumbani muda mwingi wa mchana. Haimfai aliyebanana na majirani.

Njia ya pili: banda na uwanja wa wavu

Hii ndiyo nusu huria. Banda la usiku limeunganishwa na uwanja uliofungwa pande zote, kuku wanatoka na kuingia wapendavyo.

*Nafasi.* Vitabu vingi vya ufugaji hutaja mita moja ya mraba ya uwanja kwa kuku. Kwa sita, mita 2 kwa 3. Inawezekana, na nimewaona kuku wazima wakiishi hivyo, lakini mimi nasema mita mbili kila mmoja, yaani uwanja wa 3 kwa 4, na sababu ni ugomvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza kile ambacho wafugaji walikuwa wakikiona bila kukipa jina: kila kundi la kuku lina ngazi, mkubwa humdonoa anayemfuata, naye humdonoa wa chini yake, hadi kwa mnyonge. Ngazi hiyo huleta amani mradi mnyonge apate pa kupisha. Akibanwa kwenye kona hana pa kupisha, hudonolewa hadi damu itoke, na damu ikishatoka wote humrukia. Ukishindwa kupata mita 12, ongeza vizuizi ndani ya uwanja: gogo, ubao uliosimamishwa, fito za kupanda kwa ngazi tofauti, na vyombo vya chakula viwili vilivyo mbalimbali. Mnyonge anahitaji kutoonekana hata kwa nusu dakika.

*Adui.* Uwanja ukiwa na paa au wavu juu, hii ndiyo njia yenye ulinzi mzuri zaidi wa mchana huku kuku wakiwa bado kwenye udongo. Bila kifuniko cha juu, mwewe hana kizuizi, na paka hupanda. Kwa juu wavu mwepesi unafaa dhidi ya ndege, lakini kwa mita moja ya chini tumia ule mgumu.

*Ardhi na magonjwa.* Huu ndio udhaifu wake, na watu hugundua wakiwa wamechelewa. Kuku sita watamaliza majani ya mita 12 ndani ya wiki chache. Baada ya hapo mvua hugeuza uwanja kuwa tope la kinyesi, na unyevu wenye joto ndio vijidudu vya kuhara damu vinavyousubiri ili vikomae. Usipigane kurudisha nyasi. Jenga mahali panapoteremka kidogo maji yapite, ezeka angalau nusu ya uwanja, kisha jaza majani makavu au vipande vya mbao kwa kina cha kiganja. Watachakura humo kutwa nzima, na wewe utapata mboji. Penye nafasi, gawa uwanja mara mbili na utumie upande mmoja kwa zamu. Kona moja iliyo chini ya paa iache na mchanga mkavu au majivu, kwa kuoga vumbi. Kuku asiyeoga vumbi hujaa chawa na utitiri.

*Kazi.* Uwanja ukiwa imara mchana na usiku, ukichelewa jioni kwa muda wa saa nzima hufi moyo. Kulisha, maji, kuokota mayai. Kila wiki kadhaa kuongeza majani, na mara mbili au tatu kwa mwaka kuchota yote.

*Inamfaa* mtu anayetoka kazini jioni, mwenye majirani karibu, mwenye bustani ya kulinda. Gharama ya kujenga ni kubwa mwanzoni, na kosa la mahali ni gumu kurekebisha. Simama hapo wakati wa mvua kubwa kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.

Njia ya tatu: banda la kuhamishwa

Ni kijumba chepesi chenye uwanja mdogo wa wavu usio na sakafu, unakivuta hadi kwenye majani mapya kila siku.

*Nafasi.* Mabanda haya huwa na mita za mraba 0.5 hadi 0.7 kwa kuku. Kwa sita, mita 2 kwa 2. Hesabu yenye maana, hata hivyo, si hiyo. Ukihamisha kila siku na kutaka kila kipande kipumzike wiki tatu, unahitaji mita 4 mara 21, yaani mita za mraba 84 za majani yaliyo tambarare. Wengi hupima banda na kusahau kupima uwanja linamotembea.

*Adui.* Mchana ni salama kuliko huria. Usiku ni dhaifu, kwa sababu hakuna wavu uliozamishwa, na kila unapohama ardhi isiyo sawa huacha mwanya chini. Wanaofanikiwa huwa na kijumba cha kulala chenye sakafu ngumu ndani yake, au wanawarudisha kuku kwenye banda la kudumu usiku.

*Ardhi na magonjwa.* Hapa haina mpinzani. Kuku hulala juu ya ardhi safi kila siku, kinyesi hurutubisha bila kurundikana, wadudu wa kula ni wapya. Mradi uhame kweli. Likikaa siku nne mahali pamoja limekuwa uwanja wa wavu mdogo mno.

*Kazi.* Dakika tano za kuvuta, kila siku, mvua au jua. Kwa mwenye mgongo mzima si kitu. Kwa mzee au mtu mwenye ardhi ya mteremko ni mzigo utakaoachwa baada ya mwezi.

*Inamfaa* mwenye eneo la majani na kundi dogo, watatu au wanne hasa, anayependa kuboresha udongo wake. Siku mbaya ndiyo humwumbua: mita nne kwa kuku sita kwa wiki mbili hazikaliki.

Njia ya nne: ndani kabisa, juu ya maranda

*Nafasi.* Kuku asiyetoka anahitaji banda lenyewe liwe ulimwengu wake. Kwa biashara, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1999 inaruhusu hadi kuku 9 kwa mita ya mraba katika mabanda yasiyo ya vizimba. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyopiga marufuku vizimba vitupu (visivyo na kiota wala ufito) kuanzia 1 Januari 2012. Kwako nyumbani usiige idadi hiyo. Ninapendekeza mita moja kwa kuku, yaani banda la 2 kwa 3 kwa sita, lenye upande mmoja wa wavu kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu ili mwanga uingie. Ngazi za fito huongeza nafasi bila kuongeza sakafu.

*Adui.* Likijengwa vizuri, hakuna njia inayolishinda. Anayebaki ni panya, anayefuata chakula. Chakula kisilale sakafuni usiku.

*Ardhi na magonjwa.* Kuku mmoja hutoa kinyesi cha zaidi ya gramu 100 kwa siku, sita wanapita nusu kilo, na sehemu kubwa huanguka chini ya ufito usiku. Maranda yawe sentimita 10 hadi 15, yageuzwe, na yaliyoloa chini ya chombo cha maji yatolewe siku hiyo hiyo. Ukichota maranda mkononi na kuyakamua, yasigande kama donge. Mdondo una milango michache ya kuingilia hapa, ila viatu vyako ni mojawapo. Utitiri nao hujificha kwenye nyufa za fito mchana na kunyonya damu usiku, kwa hiyo pita na tochi mara moja moja.

*Kazi.* Nyingi kuliko zote. Pia kuku wa ndani huchoka kwa kukosa la kufanya, na uchovu huo hugeuka kudonoana. Waning'inizie kichane cha majani ya kijani, watupie nafaka chache ndani ya maranda wazitafute.

*Inamfaa* mwenye ua mdogo sana au uliosakafiwa, anayeishi penye wezi au wanyama wengi, na aliye tayari kusafisha bila kusukumwa.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Unatoka alfajiri na kurudi usiku: achana na huria. Chagua uwanja wa wavu uliofunikwa juu, au ndani kabisa.

Una watoto wadogo wanaochezea uani: uwanja wa wavu au ndani. Kinyesi cha kuku hubeba salmonela, na mtoto anayetambaa hawezi kushiriki nyasi na kuku huria.

Unapanga nyumba na huenda ukahama: banda la kuhamishwa, kuku watatu, pamoja na kona ya stoo au karakana utakayoweza kuifanya makao siku mbaya ikija.

Una ua mpana na mtu nyumbani: huria, lakini jenga pia uwanja mdogo wa mita 6 mlangoni mwa banda. Nimeona mchanganyiko huu ukidumu kuliko njia yoyote iliyo peke yake. Mchana wa kawaida wanazurura, siku ya mwewe au ya ugonjwa wanabaki uwanjani.

Ua wako hautimizi mita 6 za mraba kwa jumla: punguza kuku kabla ya kupunguza nafasi. Watatu wanatosha, ila usishuke hadi mmoja, kwa sababu kuku ni wa kundi.

Huna uhakika bado: kwanza ulizia kanuni za mtaa wako kuhusu kuku na jogoo, kisha jenga banda la kuku sita na uweke wanne. Pengo hilo la wawili litakusaidia utakapopata kuku anayeumwa na kuhitaji kutengwa, au tetea atakapoangua bila wewe kujua alikuwa akiatamia wapi mayai ya jogoo wa jirani.